Taa Nyekundu ya Mama Dereva

Asubuhi ile stesheni ilifurika watu, na binti mmoja alikuwa juu ya ngazi katikati ya ukumbi, gauni lake la rangi ya udongo limejaa nyuzi mabegani, anapima ukuta. Kazi yake ilikuwa kushona picha za kitambaa za kutundika ukutani, na kila picha ilimhusu mwanamke aliyefanya jambo la maana. Mtaani kwao walimtania, "Huyu dada anashona wanawake." Safari hii stesheni ilimwagiza picha ya mwanamke wa kwanza kuendesha treni katika nchi ile, mama aliyekwisha kustaafu, ambaye watu walimwita Mama Dereva.

Akiwa kule juu, vipaza sauti vikatoa sauti nzito, ya taratibu, tamu ajabu, mpaka akasahau alikuwa amefikia kipimo gani. Sauti ikamaliza habari za treni, kisha ikaongeza: "Na dada aliye juu ya ngazi, tafadhali, mkoba wako umefunguka. Nyuzi zinakutoroka."

Ukumbi mzima ukacheka. Kweli bwana, vibunda vya uzi vilikuwa vinabingirika miguuni mwa abiria. Mtangazaji akatoka mbio kibandani kwake kuviokota, kijana mrefu, shati jeupe, masikio makubwa.

"Kumbe wewe ndiye unayemshona mama yangu," akasema huku akihema.

"Mama Dereva ni mama yako?"

"Ndiyo. Ukikosea pua, tazama hii yangu. Ni ile ile."

Tangu siku hiyo simu ya binti haikupumzika.

"Ndugu abiria, upo?"

"Abiria yupo. Anashona, muache."

"Tafadhali kaa mbali na dirisha, usije ukaanguka kwa kunifikiria."

"Nenda zako! Nani anakufikiria?"

"Mbona sauti inacheka?"

"Inacheka, lakini haikufikirii, mpenzi." Neno lilishatoka, halirudi. Kijana alitembea na neno hilo wiki nzima.

Jioni moja kijana alikuja kwenye karakana ya binti, akajilaza juu ya marundo ya vitambaa. Jua lilipita kwenye hariri zilizotundikwa dirishani, likawapaka wote wawili rangi, mara zambarau, mara dhahabu, naye akasimulia kwa sauti ile mpaka sindano ya binti ikalala mkononi. Alisimulia yote ya mama yake, isipokuwa jambo moja. Mama Dereva alikuwa haoni tena. Macho yalimwisha baada ya kustaafu, na alikuwa amemwapisha mwanawe asimwambie kiumbe. "Watasema niliwaendesha watu nikiwa kipofu," alisema. Heshima ya maisha yake yote ilikuwa hapo.

Basi siku ya kuonyeshwa kazi ikafika. Mama aliingia karakana amemshika mwanawe mkono, gauni la buluu limepigwa pasi, kichwa juu. Mbele yake picha nzima ya hariri iling'aa: treni, reli, na taa moja kubwa nyekundu. Wekundu ule binti aliutafuta kwa kuchemsha rangi mpaka vidole vikababuka.

"Nzuri, mwanangu," Mama akasema, akitabasamu kuelekea ukutani. "Na taa ya kijani umeipatia kweli."

Binti akaitazama tena ile taa. Dereva wa treni asijue nyekundu? Hii ni dharau, akajiambia, dharau ya wazi kabisa. Akamtazama kijana. Kijana akatazama viatu vyake.

Jioni simu ikalia.

"Laazizi, nisikilize."

"Mama yako amenikejeli, na wewe kimya kama gogo!"

"Hakukukejeli."

"Basi alimaanisha nini?"

"Siwezi kukuambia. Niulize lolote lingine. Niulize kama nataka kukuoa, nitakujibu sasa hivi."

"Unioe ili nichekwe kila Jumapili? Siku nzima unatangaza, neno moja tu limekushinda. Kwaheri."

Akakata, akalia mpaka kope zikavimba. Kule stesheni, kijana akawa anatangaza treni kama anayetangaza msiba.

Mama si mjinga. Mwana asiyekula humjua. Asubuhi moja akaomba teksi, akafika karakana peke yake, kiganja ukutani.

"Shikamoo, Mama," binti akasema kwa baridi.

"Marahaba. Nishike mkono unipeleke kwenye kiti, mwanangu. Sikioni." Akaketi, akaeleza yote. "Nilimfunga mdomo, kumbe nimemfunga na moyo. Sasa nipe picha yangu niishike."

Vidole vyake vikapita juu ya hariri, taratibu, mwanzo hadi mwisho.

"Laini sana," akasema kwa unyonge. "Treni yangu iko wapi?"

Binti akaangua kilio. Jamani, amemshonea mtu heshima ambayo watu wote wataiona ila mwenyewe! Akachukua mkasi, akaanza kufumua.

"Usimwambie mwanao, Mama."

"Na mimi niapishwe?" Mama akacheka.

Siku ya kuzindua, ukumbi ulijaa. Pazia likashuka, na Mama akanyoosha mikono yote miwili.

"Haishikwi hiyo!" mkuu wa stesheni akashtuka.

"Mwache, mzee," binti akasema. "Imeshonwa ishikwe."

Mama akawageukia watu. "Macho yangu yamekwenda," akasema. "Lakini yalisubiri kwanza nishuke kwenye treni." Hakuna aliyecheka. Akaipapasa picha. "Kamba, hii ni reli. Gunia, haya ni mawe ya njiani. Mahameli... hii ndiyo taa nyekundu." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Vidole vikafika dirisha la behewa. "Na huyu ni mwanangu, masikio haya nayajua mimi! Aliyemshika mkono, mwenye sindano, ni nani?"

Binti akasogea karibu.

"Ni mkweo, Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, macho kwa kijana. "Kama mtangazaji bado anataka."

Mtangazaji akapiga hatua moja kumwelekea, akasita.

Mama akaweka kiganja juu ya mahameli, akatabasamu. "Hii taa, mimi bado naiona ya kijani," akasema. "Nenda, mwanangu."