Koki ya Pikipiki ya Mjomba

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Kifungo ilikuwa ileile: kufagia vani ya familia, kufuta vioo, kisha kusimama kando ya mlango wa dereva na kujibu maswali. Baba yake, fundi wa majokofu, hawashi gari kabla ya kumwuliza binti yake. Tairi la akiba? Tayari. Mlango wa nyuma? Tayari. Akishajibiwa haendi kukagua tena. Husema mtu wa miaka kumi na miwili akitamka tayari, basi ni tayari.

Jumamosi hiyo safari ilikuwa ya msiba. Walikwenda mji wa jirani kuchukua pikipiki ya mjomba, kaka wa mama, aliyefariki wiki tatu zilizopita baada ya kuugua muda mfupi tu. Bibi, mama mzazi wa marehemu, alikuwa ameshikilia neno moja: pikipiki ya mwanawe haitaendeshwa na mtu mwingine, itabebwa. Basi baba aling'oa kiti cha katikati, wakaipandisha kwa ubao na kuifunga kamba huku na huku. Mama akakaa mbele, bibi akakaa kiti cha nyuma, mkono juu ya tandiko, kama anayemlinda mgonjwa.

Kifungo alipewa kazi moja tu, kufunga koki ya mafuta chini ya tangi ili petroli isivuje njiani. Aliinama kuitafuta, lakini kofia ngumu ya mjomba ilikuwa imening'inia palepale kwenye usukani. Akaichukua, akainusa. Bado ilinukia mafuta yake ya nywele. Mjomba ndiye aliyempachika jina la Kifungo kwa ajili ya udogo wake, na alizoea kumtania kwamba pikipiki ile haibebi watoto wanaofeli hesabu. Machozi yakamlengalenga. Akajifuta upesi asije akamliza mama, akashuka.

"Koki?" baba akauliza.

"Tayari," akajibu kwa mazoea.

Hawajafika mbali mvua ikaanza, wakafunga vioo vyote. Harufu ya petroli ikajaa garini. Mama alisema pikipiki zote ndivyo zinavyonuka. Bibi akaanza kukohoa. Alikuwa na pumu, na tangu msiba kifua chake hakikutulia, kwa hiyo walidhani analia tena.

Kifungo peke yake alijua. Alijaribu kukumbuka vidole vyake vikigeuza koki, asikumbuke kitu. Angesemaje leo, mbele ya mama, kwamba hata kazi ndogo ya pikipiki ya mjomba imemshinda? Akajipa moyo kwamba harufu itapungua. Akaona aibu kusema. Kikohozi cha bibi kikageuka mluzi mwembamba, kisha mkono wake ukateleza kutoka kwenye tandiko.

"Baba, simama," Kifungo alisema. "Koki sikuifunga. Nilikudanganya."

Baba akasimamisha gari kando ya barabara na kulizima. Walimtoa bibi nje, mvuani, midomo yake ikiwa imepauka. Chini ya zulia petroli ilikuwa imetuama. Mama alimwekea bibi dawa yake ya kuvuta mdomoni, na dereva mmoja aliyekuwa akipita akawachukua wote wawili hadi zahanati. Baba na Kifungo walibaki kufunga koki, kumimina mafuta yote kwenye dumu, kutupa zulia nje na kuacha milango wazi mpaka harufu iishe. Baba hakumkaripia. Kifungo alitamani angemkaripia.

Walipofika zahanati, muuguzi aliwaambia kwamba bibi ameanza kupumua vizuri, ila wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Baba akakaa kwenye benchi, akamkalisha binti yake kando yake.

"Kusahau, hata mimi nasahau," alisema. "Na nimekosa pia, sikutakiwa kupakia tangi lenye mafuta kwenye gari lenye watu. Lakini ukisema tayari wakati si tayari, sote tunalala usingizi juu ya neno lako. Na ukishajua umekosea, sema hapohapo. Aibu haiui mtu. Ile hewa ingeua."

Kifungo alilia mpaka akaitwa ndani. Bibi alikuwa amejilaza kitandani, sauti imekauka. Aliuliza kwa nini mjukuu wake hakufunga koki, naye akamweleza habari ya kofia, na jinsi alivyoficha machozi.

"Ungelia tu, mwanangu," bibi alisema. "Tungekusubiri."

Jioni walimpandisha bibi kiti cha mbele, dirisha likiwa wazi. Tangi lilikuwa tupu na kila mtu alijua. Hata hivyo baba akageuka na kuuliza kuhusu koki. Kifungo alishuka, akazunguka, akaingiza mkono chini ya tangi, akaigusa, akaikaza. Hakuna aliyemharakisha. Aliporudi mlangoni macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyafuta.

"Tayari," alisema, na baba akawasha gari.