Sura Yake Kwenye Bango

Walikutana kwenye mnada wa samaki. Dada mchapaji wa mabango alikuwa amepanda juu ya kreti, gauni lake jekundu limelowa pindo, akiwaonyesha wachuuzi jodari wachanga waliozolewa na nyavu za meli kubwa kabla hata hawajazaa. Kreti ikayumba. Kijana mmoja mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi akaishika.

"Shuka, mrembo. Ukivunjika mguu, nani atawatetea hawa?"

"Wewe, kama una moyo."

Kumbe alikuwa mkaguzi: kazi yake ilikuwa kupanda meli hizo kubwa za kampuni ya uvuvi, kupima samaki na kuandika ripoti. Miezi minne wakapendana, akimpigia simu kutoka baharini na kumwita kipenzi.

Kisha ripoti ikatoka. Jodari wachanga: hakuna. Chini yake, sahihi ya mpenzi wake.

Mchapaji akamfikiria baba yake, aliyeacha uvuvi kwa kurudi mikono mitupu. Hakupiga simu kuuliza. Alichapa sura ya mkaguzi, mita tatu kwa mbili, na maneno HUYU AMEUZA BAHARI, akaitundika mkabala na zahanati ambako mama wa kijana alikuwa muuguzi. Aliitazama, roho yake ikasuuzika.

Mkaguzi aliporudi aliingia dukani kwa mchapaji bila kelele, akaweka mezani daftari lake. Kila siku ya safari ilikuwamo, na jodari wachanga kwa maelfu. Alimweleza kwamba meneja wa kampuni ndiye aliyeiandika upya ripoti na kuighushi sahihi yake. Akamweleza pia kwamba wagonjwa walikuwa wakikataa kuchomwa sindano na mama yake.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka uumie."

"Nimeumia. Sasa tumuumize anayestahili."

Siku ya kusikiliza shauri la leseni ya meli aliyoikagua, mkaguzi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Mchapaji alikaa mstari wa mbele, makusudi, amkodolee macho meneja. Alimwona akilegeza tai, akiomba maji. Meli ikafutiwa leseni. Meneja alipotoka, mchapaji alimfuata hadi mlangoni ili ashibe kumwona.

Kwenye ngazi akamgeukia mkaguzi. "Nioe."

"Nakupenda, kipenzi. Lakini mama hakupokei mpaka uende zahanati, useme ulichofanya mbele ya wagonjwa wake."

Kuomba radhi hakukuwa na utamu wa kulipiza.

"Zamu yake inaanza saa ngapi?"

"Saa nane."

Ilikuwa saa saba na nusu. Akajitanda mtandio, akaanza kushuka ngazi.