Mwombaji Asiyeulizwa Umri

Hadubini ya kituo cha afya haikuwa na taa. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha kuzungusha, na kila asubuhi Datius alikielekeza kwenye jua la dirishani, kisha akawa anakisogeza saa hata saa, maana jua halimngoji mtumishi wa serikali. Sasa Jumanne moja mwaka 1972 alirudi kutoka kula, saa nane mchana, akakuta kioo kimekwisha geuzwa kufuata jua la saa nane. Yeye alikiacha kwenye jua la saa sita. Mlango alikuwa ameufunga, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Kisha akaona punje. Kusoma slaidi moja ya malaria ni kupitia sehemu mia za kipande hicho cha kioo chenye damu, na mashine ya kuhesabia iliahidiwa tangu Uhuru, haikuja mpaka leo. Kwa hiyo pale Muleba walihesabu kwa punje za kahawa: kila sehemu moja, punje moja inatoka kibakuli cha kushoto inaingia cha kulia. Alipotoka, punje zote zilikuwa kushoto. Sasa zilikuwa kulia zote mia, na chini ya lenzi palikuwa na slaidi ambayo hakuwa ameisoma.

Alizirudisha, akakaa, akafanya kazi. Ungemtaka afanye nini? Barazani walingoja wagonjwa arobaini.

Datius alikuwa msaidizi wa maabara, cheo cha chini kabisa, miaka saba sasa. Ili apande ilimpasa kusoma kozi ya miaka mitatu Dar es Salaam, na ameomba mara tano, na mara tano jibu lilikuwa lile lile: ungoje mwakani. Sasa ana miaka thelathini na minne. Kozi haichukui mtu aliyetimiza thelathini na mitano. Mwaka huu kila kituo kimepewa fomu moja tu, na fomu hiyo ilikuwa pale mezani, imejazwa kila kitu ila sehemu ya juu, jina na umri. Aliiacha mpaka apate kalamu nzuri. Hakukuwa na mwakani tena.

Kiti alichokalia kilikuwa cha Mwijage, mwalimu wake. Huyo aliomba kozi miaka kumi na minane, na kwa miaka kumi na minane akangoja mwakani. Alifia palepale mwaka uliopita, jicho kwenye hadubini, slaidi haijaisha. Walimpeleka kwao kisiwani Bumbire kwa mtumbwi, na waliomsindikiza kutoka kituoni walikuwa wawili tu, Datius na Yunus mfagiaji.

Huyo Yunus ndiye aliyemvuta kando siku ya Alhamisi.

"Ndugu Datius," alinong'ona, ufagio kifuani, "ukienda kula, humo ndani unamwacha nani?"

"Simwachi mtu."

"Basi nani anahesabu? Nasikia punje. Tik. Tik. Jana nikachungulia. Kiti kimesogezwa karibu na meza, na hakuna mtu. Wallahi hilo ni jini, na sisi watu wa Kashai tunawajua. Fungua maabara, mwite shehe, asome."

"Nikimwita shehe watasema nimerukwa na akili. Nani atampeleka kichaa kozi?"

Yunus akarudi kufagia. Hata yeye alijua hiyo kozi ina maana gani.

Jumapili, baada ya misa, Datius alikwenda Kagoma kwa shangazi yake Kokubanza, mwanamke mkali aliyekuwa akimenya ndizi na hakuacha kumenya alipokuwa akisimuliwa habari za punje na kiti cha marehemu Mwijage.

"Umekula kitu chake?" shangazi aliuliza.

"Sijala kitu. Punje moja tu ya kahawa, ya kwenye kibakuli. Njaa, shangazi. Nilitafuna bila kufikiri."

Hilo si ajabu, Mhaya hutafuna kahawa kama anavyovuta pumzi. Lakini kisu cha shangazi kilisimama.

"Mikono yako ilikuwa safi?"

Hapo Datius akakumbuka. Siku ile aliyotafuna punje ilikuwa imekuja rangi mpya ya slaidi, akaijaribu. Mwijage alimfundisha kwamba damu ya kujaribia huchukui kwa mgonjwa, unajichoma kidole chako mwenyewe. Alijichoma. Damu ilikuwa bado kidoleni aliposhika punje.

"Na yeye alikuwa akijichoma?"

"Miaka kumi na minane."

"Na kushika punje hizo hizo." Shangazi akaweka kisu chini. "Yesu na Maria! Kahawa moja, damu ya watu wawili. Mmechanjiana, wewe mpumbavu. Marehemu ni munywani wako, ndugu yako wa damu."

"Lakini sikukusudia!"

"Damu haiulizi. Munywani hafukuzwi, ni ndugu uliyejitafutia. Padri atamwaga maji ya baraka, na punje zitalowa, basi. Kamuulize anataka nini, umpe. Ukimnyima utavimba tumbo ufe. Naye pia hawezi kukunyima wewe. Nenda, na uombe kiwe kitu kidogo."

Jumatatu saa nane alijifungia, akakaa, akauliza kwa sauti ya mtu anayeungama, "Munywani, unataka nini?", na kwa muda hakukuwa na kitu ila nzi dirishani na wagonjwa wakikohoa barazani, halafu ikaja harufu ya mafuta ya hadubini, yale ya mwerezi, ambayo chupa yake ilikauka tangu Pasaka, ikaja nzito mpaka ikamkaa kooni, na punje moja ikatoka kushoto ikaingia kulia, tik, ikafuata ya pili, na ya tatu, bila mkono, bila haraka, naye akajikuta anazihesabu kimoyomoyo kwa sababu ndiyo kazi aliyoizoea, na ilipotua ya mia kile kioo kikajigeuza chenyewe kwenye skrubu yake kavu, kikilia, kikalishika jua na kulitupa ukutani, doa dogo jeupe, likapita juu ya kalenda, likashuka, likatambaa mezani, likasimama juu ya fomu, kwenye mstari wa kwanza: Jina la mwombaji.

"Chochote," Datius alisema, machozi yanamtoka. "Chochote, si hicho."

Doa halikusogea.

Kufika Jumatano mkanda ulikuwa haufungi. Alhamisi alilala chali, tumbo kama pipa, na mke wake Kemilembe akamfuta jasho.

"Baba Klaudia, niambie kweli. Ukimpa unapona?"

"Ndivyo anavyosema shangazi."

"Basi mpe." Kemilembe alilia alipokuwa akisema. "Miaka saba nimeishi na mwakani. Nitaishi nayo tena. Kuishi na kaburi sitaki."

Datius akaagiza fomu, akaandika: Mwijage. Kwenye umri akasita. Marehemu ana miaka mingapi? Akapaacha wazi, akaituma Bukoba, na kabla ya Jumapili tumbo likashuka. Maabara ikawa kimya. Alijifariji kwamba fomu ile itatupwa jalalani, na wala hawatakwenda kozi, si yeye si marehemu.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Ndugu Mwijage amefanya mtihani Bukoba, amesoma slaidi kumi bila kosa hata moja, amechaguliwa.

Datius aliisoma mara tatu, akacheka mpaka Yunus akamshika bega. Siku hiyo alisoma slaidi hamsini na mbili. Miaka mitatu ilipita hivyo, na sina cha kuieleza zaidi. Watumishi wa zamani walihamishwa, wakaja wapya, wakabaki Datius na Yunus tu. Kiangazi cha 1976 wakatangaziwa kwamba kituo kitapata fundi mwenye cheti.

Gari lilimleta saa nane mchana. Watumishi wapya walimpokea kwa makofi. Yunus alimtazama mara moja tu, akaangusha ufagio.

"Mimi nilimvisha soksi za kuzikiwa," alinong'ona. "Ndugu Datius, ni zile zile."

Siku hiyohiyo Yunus akarudi Kashai. Fundi akaingia maabara, akavuta kiti chake, akafuta kioo kwa kidole gumba, na harufu ya mwerezi ikajaa chumba.

"Shikamoo," alisema Datius.

"Marahaba. Kaa, munywani."

"Nami nina ombi. Huwezi kuninyima."

"Siwezi."

"Naitaka kozi."

Mwijage akamwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilikuwa ya kweli. "Una miaka thelathini na minane. Aliye hai lazima aulizwe umri. Mimi hawakuniuliza." Akatia mkono mfukoni, akatoa punje moja ya kahawa, akamnyooshea kiganjani. "Lakini njia ipo. Tafuna. Umechoka."

Mhaya hakatai kahawa iliyo mkononi mwa mwenyeji. Na Datius alikuwa amechoka kweli, amechoka kiasi kwamba hofu yenyewe ilikuwa kazi nyingine ya kufanya. Akaipokea, akatafuna.

Walimkuta amekufa kwenye jua la dirishani, jicho kwenye hadubini, punje tisini na tisa kulia. Kemilembe alimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Baada ya miezi miwili akaletewa barua kutoka Bukoba. Klaudia ndiye aliyemsomea mama yake: Ndugu Datius, aliyeombewa na fundi Mwijage, amefanya mtihani, slaidi kumi, hakukosa hata moja. Amechaguliwa.

Kemilembe aliruka akapiga vigelegele, peke yake, katikati ya ua. Hatimaye! Mume wake, baada ya mwakani zote zile! Alilia kwa furaha, akaibusu ile karatasi.

"Kozi ni ya muda gani, mwanangu?"

"Miaka mitatu, mama."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi."

Vigelegele vikamfia mdomoni. Aliitazama migomba, akautazama mlango ambao tangu waoane haukuwahi kuwa na komeo, akafunga kitenge vizuri, akaenda kumtafuta seremala.