Namba Saba wa Timu Nyekundu

Tawakali aliona batani za kibodi zikibonyea zenyewe siku ya Jumanne, saa saba mchana, akiwa amesimama mlangoni na bakuli la mihogo mkononi.

Mumewe, Abdulrahmani, alikuwa mbele ya kompyuta akicheza gemu ya mpira. Gemu ile waliweza kucheza watu wawili kwa kibodi moja, mmoja akitumia mishale ya kulia na mwenzake herufi za kushoto. Abdulrahmani alikuwa peke yake, na vidole vyake vyote vilikuwa kwenye mishale. Lakini kule kushoto herufi zilikuwa zikishuka na kupanda, moja moja, bila haraka, kama mtu anavyobonyeza akijua anachokifanya.

Akauliza kulikoni. Mumewe, bila kugeuka, akamjibu kwamba ni uzee wa mashine, springi zimelegea. Tawakali akaona aamini hivyo. Mashine yenyewe ilikuwa kikongwe kweli. Aliinunua kwa mradi mmoja wa maji uliofunga ofisi yake pale Lindi, na kabla ya kuuzwa ilikaa miaka mitatu ndani ya nyumba iliyofungwa, popo wakiishi darini. Ganda lake lilikuwa la manjano kama meno ya mvuta tumbaku, feni yake ilinguruma, na asubuhi haikuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni. Kwa kazi ya Tawakali ilitosha. Alikuwa na chumba cha kuchapa karibu na stendi, akiandikia watu barua za maombi, kadi za harusi na hati za viwanja.

Abdulrahmani hakuwa na kazi. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha korosho, kiwanda kikabinafsishwa, mwenye mali mpya akafunga mitambo akafanya ghala, na watu wakarudishwa majumbani. Ulikuwa mwaka wa pili sasa anashinda barazani. Hivyo Leonadi, muuza kaseti wa sokoni, alipotangaza kwamba anahamia Dar na anauza sidii zake kwa bei ya kutupa, Abdulrahmani akaja nyumbani na gemu tatu. Ya vita ilikataa kufunguka, mashine haikuwa na nguvu hizo. Ya magari ilifunguka, lakini magari yalikwenda kama yanavutwa kwa kamba. Ya mpira ndiyo iliyokubali. Tawakali alifurahi, maana alikuwa na muda mrefu hajamsikia mumewe akicheka. Wakapatana kwamba mume atacheza adhuhuri tu, mlango ukiwa umefungwa na Tawakali amekwenda kuswali na kula.

Baada ya ile Jumanne alianza kusikia mumewe akiongea. Alisimama nje ya mlango akasikiliza. Abdulrahmani alikuwa akitania, akilaumu, akisema pasi hiyo umechelewa, halafu akinyamaza kidogo, kama mtu anayepewa jibu, na kisha akicheka.

Jioni alimuuliza anaongea na nani. Mumewe akamjibu kwa sauti ya chini.

"Hussen."

Hussen alikuwa mdogo wake wa pekee. Alikufa miaka sita nyuma kule Rutamba, kwa homa ya siku tatu, katika mwezi ambao mvua ilikata barabara. Habari zilimfikia Abdulrahmani zikiwa zimechelewa, na alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Enzi za uhai wake Hussen alikuwa winga. Kabla ya kumwaga krosi alikuwa na tabia ya kusimama, kuukanyaga mpira, na kutazama huku na huku kama aliyesahau kitu. Sasa Abdulrahmani alimwambia mkewe kwamba namba saba wa timu nyekundu anafanya vilevile.

Kesho yake Tawakali alikwenda kutazama. Vijitu vilikuwa vidogo, havina nyuso. Namba saba akakimbia pembeni, akasimama, akaukanyaga mpira, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Na hapo ndipo Tawakali alipoisikia harufu. Ilikuwa ya dawa ya kuchua misuli, ile ya kafuri ambayo wachezaji hujipaka, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine iliyooza, harufu ya mavi ya popo.

Akamsihi mumewe aiache gemu ile. Abdulrahmani hakugombana naye. Alimtazama tu kwa huruma, akamwambia kwamba yeye hajui kufiwa bila kuzika.

Wiki ile Abdulrahmani aliacha kula. Usiku alilala vizuri, lakini kila siku baada ya adhuhuri alirudi nyumbani akichechemea, na siku moja alipokunja suruali ili atawadhe, Tawakali aliona miundi yake imevilia damu, imechunika kwa alama ndogo za duara zilizopangana, alama za njumu, miguu ya mtu aliyeshinda akipigwa mateke uwanjani, ilhali mumewe alikuwa ameshinda juu ya kiti. Alipomuuliza, akasema Hussen siku zote alikuwa anacheza kwa nguvu. Akasema na jingine, taratibu, kama anayesimulia habari njema: kwamba majukwaa ya uwanja ule, ambayo mwanzo yalikuwa matupu, sasa yanajaa, watu wamekaa safu kwa safu wamewapa mgongo, na kwamba Hussen analalamika kule aliko hana mtu wa kucheza naye, na ameshamwekea jezi.

Tawakali hakungoja kupambazuke mara mbili. Alikwenda kwa Fundi Imani, mwanamke wa makamo aliyeuza mitumba sokoni, makoti ya Ulaya yasiyofaa kwa joto la Lindi, na wenye shida za majini walimfuata palepale kibandani. Fundi alimsikiliza huku akikunja makoti. Aliuliza mashine ilitoka wapi, akaambiwa. Aliuliza kama mumewe aliwahi kuuona mwili wa mdogo wake, akaambiwa hakuwahi.

"Basi ndipo alipopitia," Fundi alisema. "Jini hawi maiti wa mtu, dada. Anavaa tu, kama wanavyovaa wateja wangu makoti ya watu wasiowajua."

Walikwenda siku hiyohiyo, adhuhuri. Walimkuta Abdulrahmani ameshaanza. Fundi alifunga dirisha, akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Feni ya kompyuta ikanguruma zaidi. Abdulrahmani aliacha kubonyeza mishale, mikono ikamwanguka mapajani, na kwenye kioo mchezo ukaendelea, pande zote mbili, batani zote zikishuka na kupanda kama mvua inavyopiga bati, na Fundi hakuacha kusoma, na harufu ya kafuri ikauzidi ubani, na ile nyingine ikaizidi kafuri, mpaka Tawakali akaziba pua kwa mtandio na bado akawa anaionja ulimini, na hapo kinywa cha mumewe kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nyepesi, ya kijana, sauti ambayo Tawakali aliisikia mara chache tu miaka ya nyuma na hata hivyo akaitambua.

Ikawasalimia. Ikamwita shemeji.

Fundi akauliza wewe ni nani. Ikajibu ni Hussen. Ikataja jina la mama yake, ikataja mkorosho waliowahi kuanguka wakiwa watoto, ikataja mambo mengi, na machozi yalikuwa yakimtiririka Abdulrahmani usoni huku kinywa chake kikisema.

"Nani alikuosha?" Fundi akauliza.

Sauti ikanyamaza. Fundi akauliza tena, nani alikuosha, nani alikuvika sanda, nani aliingia kaburini, mwanandani, kukupokea. Haikujibu. Tawakali akaelewa. Kitu kile kilijua yote aliyoyajua mumewe, na pale mumewe asipokuwapo, hakikujua lolote.

"Toka," Fundi akasema.

"Nilichonacho kanipa mwenyewe," sauti ikajibu, na sasa haikuwa ya kijana tena. "Nikitoka, natoka na nguo zangu."

Fundi aliinua mkono kumzuia Tawakali asiseme neno. Lakini Abdulrahmani alikuwa ameacha kupumua. Midomo ilibadilika rangi, macho yakapanda juu, kifua kikatulia, na Tawakali alihesabu, akahesabu, kifua hakikuinuka.

"Chukua," Tawakali akasema. "Chukua uende."

Kompyuta ikatoa mlio kama wa mfupa unaovunjika, na kioo kikazimika. Abdulrahmani akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akauliza kama kuna chakula.

Siku ile alikula sahani mbili. Miundi yake ilipona. Mashine Tawakali aliitupa shimoni nyuma ya soko na sidii zote tatu, akaazima taipureta ya zamani. Mumewe alipata kibarua kwenye ghala, akawa anarudi jioni akiimba. Ilipita mwezi kabla Tawakali hajathubutu kumtaja marehemu, na alipomtaja, mumewe aliacha kutafuna akamtazama.

"Hussen yupi?"

Alidhani ni mzaha. Akamweleza: mdogo wako, winga, Rutamba. Abdulrahmani akamwambia kwa upole kwamba yeye hana ndugu, alizaliwa peke yake, na yeye Tawakali analijua hilo.

Fundi Imani alipoelezwa, alikaa juu ya robota lake la mitumba. Akasema alijaribu kumzuia asikubali, kwani nguo zile zilikuwa kumbukumbu ya marehemu. Akasema wewe si damu yake, ndiyo maana umebaki unamjua, basi mtaje kila uchao, kwa sauti, usiache, maana kusahau huku hatimaye huwafikia hata wasio damu. Tawakali akafanya hivyo. Alimtaja asubuhi akikoka moto, alimtaja akienda kazini, na kila Alhamisi jioni alimsomea yasini.

Mwezi wa Shaabani walikwenda Rutamba kusafisha makaburi ya wazee kabla ya mfungo. Mama mkwe aliwapokea vizuri, akaitikia marahaba, akawapikia ugali na kisamvu. Walipokwenda nyuma ya nyumba na majembe, bibi yule akaonyesha tuta moja lililokuwa peke yake, lina mawe mawili na majani marefu.

"Lile mwambie mwenzio alisawazishe," akamwambia Tawakali. "Nataka nipande mbaazi."

Tawakali akaweka jembe lake chini. Akasema, "Mama, pale amelala mtu."

"Nani?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anavyouliza jina la mgeni aliyeketi uani. Abdulrahmani naye alisimama, jembe begani, akamtazama mkewe, akingoja kuambiwa.

Tawakali alilijua jina. Alikuwa amelitaja asubuhi ileile, ndani ya lori, chini ya mtandio. Akalitazama lile tuta, akafungua kinywa kujibu, na jina halikuja.