Kilo Sitini na Moja

Mkia wa gari ukachomoka!

Nyie, sijui hata nieleze vipi. Kona nimeshaiingia vizuri, usukani uko mkononi, mara nahisi kiuno kinavutwa pembeni... nyuma ya gari inataka kunipita mimi niliye mbele!

Nikaachia mafuta ghafla. Kosa kubwa! Likazunguka zaidi. Nikaona ukingo, nikaona bonde, nikaona tena ukingo.

Likasimama limeangalia nilikotoka. Injini imezima. Vumbi tupu.

Nikageukia kiti cha pembeni, nikauliza, "Umeumia?"

Kiti kilikuwa kitupu.

Miezi kumi na moja kiko kitupu, na bado nakiuliza maswali.

Nilipowasha injini tena, nilikuwa na jina moja tu kichwani.

Kobe!

Ngoja niwaambie Kobe ni nani. Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Fundi magari. Wanamwita Kobe kwa sababu hana haraka na chochote, hata kujibu salamu.

Mke wangu naye alikuwa fundi, tena Kobe kwake alikuwa haoni ndani. Hili gari ni la mbio, la zamani, milango miwili. Alilikuta kuku wanalala ndani, akalifufua mwenyewe. Springi zote nne zinapandishwa na kushushwa kwa spana, na alizifunga kwa mikono yake. Kila Jumapili asubuhi tulikuwa tunapanda nalo kilimani. Mimi naendesha, yeye ametega sikio.

"Punguza... Umesikia hiyo? Haya, sasa kanyaga!"

Alipofariki nililifunika turubai. Nikaweka sheria moja: alichofunga yeye, hakuna mkono mwingine utakaokigusa.

Kobe alikuja mara tatu.

"Shemeji, nipe hilo gari siku moja tu. Kuna kitu nataka kurekebisha kule chini."

"Kiache."

"Shemeji, nisikilize..."

"Nimesema kiache! Dada yako hakukosea!"

Sasa Jumamosi moja natoka sokoni, nakuta turubai limekunjwa na miguu ya mtu imetokeza chini ya gari langu.

Kobe! Bila hodi! Spana mkononi!

Nilimfukuza kama mwizi. Alifuta mikono, akaokota jeki yake, akaenda.

Kesho yake, kwa hasira tu, nikalitoa gari kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikapanda kilimani. Kona ya tatu... yakanikuta hayo niliyowaeleza.

Hebu semeni ukweli, nyie mngefikiria nini?

Nikaandika kwenye group la familia: "Kobe amelegeza gari langu. Alitaka niende na maji!"

Ukaingia ujumbe wake, mrefu, yeye ambaye huwa anaandika "sawa" na kulala. Sikuusoma. Nikaufuta. Nikamfungia namba. Nikatoka kwenye group.

Nyumba ikanyamaza. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miezi yote ile, ni Kobe pekee aliyekuwa akinipigia. Sasa simu ikiita ni kampuni ya simu, inaniuliza kama nataka mlio mpya.

Nikapeleka gari upande wa pili wa mji, kwa Fundi Miwani. Mzee ana miwani mbili, moja machoni, moja kwenye paji, na zote anazitafuta.

"Nataka ushahidi," nikamwambia. "Nionyeshe kilicholegezwa."

"Tulisikie kwanza."

Akaendesha yeye, mimi pembeni. Kona kulia, kona kushoto. Gari limetulia tuli!

"Mbona halina kitu?"

"Fundi, nilikaribia kufa!"

"Basi endesha mwenyewe. Mimi nasimama hapa nje, naangalia."

Nikazunguka peke yangu, mwendo uleule aliokwenda yeye. Kona za upande wangu, safi. Kona ya kukunjia upande wa abiria... nyuma ikateleza!

Akatikisa kichwa, akashika kazi. Akapima upepo wa tairi. Akasoma tarehe ubavuni mwa tairi, maana la zamani hukauka na kuteleza hata likiwa na meno. Matairi yalikuwa mazuri. Akachokonoa bushi kwa chuma. Hazichezi. Shokapu hazivuji. Mkao wa magurudumu umenyooka.

"Boliti?" nikauliza. Nilikuwa nangoja jina la Kobe litoke pale chini.

Akamulika tochi.

"Aliyezifunga alizipiga kila moja mstari wa rangi nyeupe. Ikiguswa hata kidogo, mstari unakatika. Njoo uone. Hakuna hata mmoja uliokatika."

Nikainama nikaona. Ile mistari naijua. Alikuwa anaipaka kwa brashi ya rangi ya kucha.

Fundi Miwani akaleta mizani nne, akasimamisha kila tairi juu ya yake.

"Kaa kwenye usukani."

Nikakaa. Akasoma, akabadilisha miwani, akasoma tena.

"Tairi la nyuma upande wa abiria ni jepesi mno. Ukikata kona ya huko, linabaki kama linaning'inia."

"Kwa nini?"

Akabeba gunia la mchanga, akaliweka kwenye kile kiti. Akaongeza la pili, dogo. Akapunguza kidogo kwa kopo. Akaongeza. Akasoma mizani, akatulia.

"Aisee! Aliyelifunga hili gari ni fundi haswa. Mizani zote zimekaa sawasawa. Ila springi zake hakuzipimia uzito wa mtu mmoja, bwana. Amelifunga kwa watu wawili."

Akashusha yale magunia, akayapima pamoja.

"Kilo sitini na moja. Nani huyu?"

Jamani...

Mke wangu watu wote aliwaambia ana hamsini na tano. Hata daktari. Gari pekee ndilo aliloliambia ukweli.

Nililia pale kwenye usukani, mtu mzima na mvi zangu. Fundi Miwani akavua miwani zote mbili, akaenda kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Nikamfungulia Kobe namba. Nikapiga.

"Kobe... ulikuwa unajua?"

Akajibu kwa mwendo wake uleule. Kobe ni Kobe.

"Siku anapima, mimi ndiye niliyeshika tochi, shemeji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Kwamba gari litakusumbua kwa sababu kiti cha dada hakina mtu? Nikaona bora nilifunge upya kimyakimya. Uendeshe tu, usijue. Ukanikuta hata boliti moja sijagusa."

Nilimwomba radhi, nikarudi kwenye group nikaomba na huko, kila mtu akiona.

Kisha nikamwambia, "Njoo na spana zako."

"Nilifunge la mtu mmoja?"

Nikakiangalia kile kiti.

"Wewe una kilo ngapi?"

"Tisini na nne. Kwa nini?"

"Basi lifunge la watu wawili."

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemfungia namba ukiwa na hasira, msome kwanza mpaka mwisho. Ule ujumbe mrefu wa Kobe niliufuta, na nilipomwomba aniandikie tena, alinijibu "sawa" na hajaandika mpaka leo.

Jumapili tunapanda wote kilimani. Kobe hategi sikio wala nini, tukipita kona ya pili ameshasinzia. Gari halitelezi tena.

Ila nikimaliza kona ya tatu, bado nageuka pembeni kusikiliza kama nitaambiwa nikanyage.