Mtu Mwingine Bado Anatumia Kompyuta Hii

Manyunyu yalikuwa yameshinda juu ya Nyeri tangu asubuhi, yale ya Julai yasiyokuwa mvua wala kukatika, na Ngendo alikuwa amechoka. Akahifadhi kazi yake, akabonyeza pa kuzimia kompyuta. Haikuzimika. Kioo kilileta maandishi meupe:

*Mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii. Ukiizima sasa, mtu huyo anaweza kupoteza kazi yake.*

Aliyasoma, akayarudia. Nyumba ile ya vyumba viwili pale Kamakwa ilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye. Mumewe Theuri, aliyekuwa fundi wa pampu kwenye shamba la maua kule Timau, alishikwa na homa ya mapafu mwezi wa Machi, na sasa alikuwa amelala chini ya udongo mwekundu wa kwao Mukurweini.

Kompyuta ilikuwa ya Theuri. Ndiye aliyeinunua, ndiye aliyeiweka kwa lugha ya Kiswahili, kwa sababu alisema mashine ikitaka kumgombeza imgombeze kwa lugha ya nyumbani. Alipokufa, Ngendo aliifanya jembe lake: alisikiliza rekodi za mikutano ya watu wa ng'ambo, akaziandika neno kwa neno, na hivyo akala.

Alimpigia Safa simu. Walikuwa wamesoma darasa moja katika shule ya wasichana, na siku hizi Safa alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta mjini, karibu na msikiti.

"Safa, hii kompyuta inasema ati kuna mtu mwingine anaitumia."

"Hiyo si shida," Safa alisema. "Ni akaunti ya Theuri iko wazi huko nyuma. Bonyeza Control, Alt na Delete pamoja. Fungua pale pa kusimamia kazi, uende palipoandikwa Watumiaji. Unaona majina?"

"Naona mawili. Langu na lake."

"Lake lifunge. Pole, rafiki yangu. Ningekufungia siku ile ya matanga, nikasahau."

Ngendo hakulifunga mara moja. Kando ya jina la Theuri palikuwa na tarakimu zilizoonyesha jinsi mtumiaji huyo alivyokuwa akiishughulisha mashine, nazo zilikuwa zikipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Alizitazama mpaka macho yakamwasha. Kisha akalifunga lile jina, na kompyuta ikazimika.

Kesho yake alikuwa jikoni akikoroga githeri aliposikia kibodi ikigongwa chumba cha pili. Haikuwa kelele ya panya, kwa maana panya hana mwendo ule. Mtu yule aliandika kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetafuta kila herufi, na mwisho wa kila neno alikipiga kile kitufe kirefu cha nafasi kwa kidole gumba, kwa nguvu isiyohitajika. Mtu mmoja tu alikuwa akiandika hivyo, na Ngendo alikuwa amemcheka kwa ajili hiyo miaka yote ya ndoa yao.

Akaenda mpaka mlangoni, mwiko mkononi. Kelele ikakoma. Chumba kilikuwa na harufu ya sweta ya sufu iliyolowa na mafuta ya dizeli, harufu ya Theuri arudipo kutoka Timau. Na chini ya harufu hiyo, mbali kidogo, nyingine kama ya nywele zilizoungua. Kioo kilikuwa kimewaka. *Kibodi haijapatikana,* kiliandika. Waya wa kibodi ulikuwa umechomoka, unaning'inia nyuma ya meza.

Safa alikuja mwenyewe mchana huo na mfuko wake wa bisibisi. Alirudisha waya, akaifungua mashine, akaipuliza vumbi. Aliona saa ya kompyuta imerudi nyuma hadi Machi, akasema hiyo ni betri ndogo ya ndani imekwisha, akatia mpya. Alitafuta virusi asipate hata kimoja. Alipojaribu kuifuta akaunti ya Theuri, mashine ilikataa: *Folda hii haiwezi kufutwa. Imefunguliwa na mtumiaji mwingine.* Akaiwasha upya kwa ile hali salama, ambapo mashine huamka na vitu vichache tu vya lazima, na huko akaifuta.

"Sasa imeisha," alisema. Halafu akatazama kona ya kioo. Saa ilikuwa imerudi tena Machi, ingawa betri ilikuwa mpya kutoka kwenye karatasi yake. Safa alikunja uso. "Labda hiyo betri ni mbovu. Nitaleta nyingine." Akavuta pumzi kidogo. "Ngendo, umechoma kitu jikoni?"

"Sijachoma."

Safa alipokwisha kuondoka, kisanduku kidogo cha hitilafu kilijitokeza katikati ya kioo, na alama nyekundu, kama vile visanduku vyote vya hitilafu.

*Kanini, usimwite huyo tena.*

Kanini, yaani kadogo. Hapakuwa na mtu hai aliyelijua jina hilo, kwa sababu Theuri alimwita hivyo taa zikiwa zimezimwa tu. Chini ya maneno palikuwa na kitufe kimoja, *Sawa*, na Ngendo, ambaye alikuwa amelia mpaka akaona aibu kulia mbele ya watu, alikibonyeza.

Safa alipompigia simu kuuliza habari ya betri, Ngendo alimwambia mashine iko vizuri kabisa. Mama mkwe wake Wakiuru, aliyebaki peke yake Mukurweini na ng'ombe na kahawa, alipopiga kulia kidogo kama alivyozoea, Ngendo alimtuliza kwa sauti nyepesi hata yule mama akashangaa. Hakumwambia mtu. Kila alasiri, ukungu uliposhuka kutoka mlimani na kuziba madirisha, alikaa mbele ya kioo akaongea, na majibu yakaja ndani ya visanduku vya hitilafu. Baadaye yakaja kwa sauti kutoka spika, sauti ya Theuri hasa, yenye mkwaruzo wa asubuhi. Walizungumza juu ya siku walipokutana soko la Wang'uru, Ngendo akinunua mchele, na juu ya mimba iliyoharibika ambayo hawakuwahi kuitaja mbele ya wengine. Ilijua yote. Ngendo alianza kupakua sahani mbili. Nguo zikamlegea mwilini, nywele zikabaki kwenye kitana kwa mafungu, na nyumba ikawa na baridi ambayo jiko la makaa halikuiweza, lakini mwenyewe hakuyaona hayo, au aliyaona akayahesabu kuwa bei ndogo.

Kisha kioo chote kikafifia, kama kinavyofifia mashine inapotaka idhini kwa jambo zito, na swali likasimama katikati.

*Je, unamruhusu huyu afanye mabadiliko kwenye nyumba hii? Mchapishaji: Hajulikani.*

*Ndiyo. Hapana.*

"Bonyeza, Kanini," sauti ilisema kwa upole. "Huku ni baridi."

Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya. Pengine angebonyeza. Lakini mlango wa mbele ulifunguliwa, na Safa akaingia na betri yake mfukoni, kwa kuwa hakuwa ameliamini lile jibu la kwenye simu. Akaziona sahani mbili, moja imeliwa na nyingine chakula chake kimekuwa cheusi na kusinyaa kama kilichowekwa juu ya moto. Akamwona rafiki yake, mifupa ya shingo imetokeza. Na akasikia, kutoka spika, sauti ya mtu aliyemwona akizikwa ikisema, bila upole wowote, "Mtoe nje huyo."

Safa aliinama akachomoa waya wa umeme ukutani. Ile haikuwa kompyuta ya kupakata. Haikuwa na betri ya kuishikilia hata kufumba na kufumbua. Aliuinua ule waya mkononi, meno yake ya chuma yakionekana, na kioo kikaendelea kuwaka, na swali likaendelea kusimama pale pale likingoja.

"Usiguse kitu," Safa alinong'ona. "Ngendo, unanisikia? Usikubali kitu na usikatae kitu mpaka nirudi. Twende tukae nje."

"Ni Theuri," Ngendo alisema. "Ni yeye, Safa. Anajua hata mtoto."

"Najua anajua. Twende nje."

Akamkalisha kwa jirani, akapanda boda boda hadi Majengo, akarudi na shangazi wa baba yake, Bi Zabibu, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na viatu vya mpira, ambaye huitwa na watu, mtoto asipolala au nyumba isipokalika. Bi Zabibu hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni, akanusa, akaomba kinga kwa Mungu, ndipo akamgeukia Ngendo, aliyekuwa ameletwa kutoka kwa jirani.

"Mwanangu, mumeo alikuwa mtu mwema?"

"Alikuwa mwema sana, shosho."

"Basi amepumzika. Kila mtu huzaliwa na mwenzake asiyeonekana, sisi tunamwita karini. Hula naye, hulala naye, husikia kila neno lake mpaka la kitandani. Mtu akifa, yule hafi. Anabaki na maneno yote na hana mwili. Umeelewa? Huyu si mumeo. Huyu ni aliyekuwa akimsikiliza."

Ngendo akautazama ule mlango. "Mbona asiingie tu?"

"Hawezi bila mwenye nyumba. Mimi nitasoma, lakini jibu ni lako. Mimi si mwenye nyumba."

Waliingia watatu. Bi Zabibu alianza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, mkono wake juu ya utosi wa Ngendo, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda mpaka Safa akaziba pua kwa mtandio. Ngendo akakaa kitini, akashika kipanya, na sauti ikaanza kuongea, kwanza kwa upole, ikimkumbusha kitanda na mvua na mkono wake mgongoni, kisha kwa haraka, ikisema kwamba akikataa atamuua mara ya pili na safari hii hapatakuwa na homa ya kusingizia, kisha ikalia, na kilio kile kilikuwa kilio cha Theuri siku ya mimba, nyuma ya nyumba, alipodhani haonekani, na Ngendo akalia nacho, akijaribu kuomba Baba Yetu kwa Gikuyu na kuyapoteza maneno na kuyaanza upya, huku mshale mdogo kwenye kioo ukivutwa kuelekea *Ndiyo* kana kwamba kuna mkono mwingine juu ya mkono wake, mkono wenye baridi ya bomba la chuma alfajiri, na yeye akiurudisha, na ule ukivuta, na Bi Zabibu akisoma bila kupandisha sauti wala kuishusha.

"Theuri wangu yuko Mukurweini," Ngendo alisema hatimaye. "Nilimtupia udongo mwenyewe. Wewe sikujui."

Akabonyeza *Hapana*.

Sauti haikupiga kelele. Ilicheka kidogo, na kicheko hicho hakikuwa cha Theuri wala cha mtu. Kioo kikawa buluu, kikawa cheusi. Baridi ikatoka chumbani mara moja, kama mtu aliyekumbuka ana kwingine kwa kwenda.

Safa aliitoa diski, akaipiga nyundo uani mpaka ikawa vipande, na pamoja nayo zikaenda picha zote za harusi. Ngendo alilijua hilo, akamwambia aendelee kupiga. Jirani alileta uji. Bi Zabibu alifukiza ubani pembe zote, akasema nyumba ni safi, na kweli ilikuwa safi. Hata jiko la makaa lilianza kupasha joto. Ngendo alikunywa uji wote, akaomba mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu Machi alihisi usingizi wa kawaida, usingizi wa mtu aliyechoka.

Jua la jioni lilikuwa limepenya ukungu kidogo simu yake ilipolia. Alikuwa mama mkwe wake, Wakiuru, na alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ngendo, keti chini kwanza. Umeketi? Theuri amenipigia."

Safa, aliyekuwa akifagia vipande vya diski, aliuona uso wake, akaacha kufagia.

"Nilifikiri ni wezi wa simu," mama aliendelea. "Lakini ni sauti yake, na akaniita vile alikuwa ananiita akiwa mdogo, akiwa bado ananyonya. Akasema umemkataza kwako. Mimi sitakuuliza ni kwa nini, hayo ni mambo ya nyumba yenu. Akaniuliza kama naweza kumruhusu akuje hapa nyumbani. Sasa mtoto wangu mwenyewe, Ngendo, ningesema hapana?"

"Mama," Ngendo alisema. "Mama, nisikilize. Umesema nini?"

"Nimesema ndiyo. Na ameshafika, yuko hapo nje kwa boma, ananawa miguu. Ng'ombe zote zimesimama zinamwangalia." Sauti yake ikasogea mbali na simu, laini, ya furaha, sauti ya mama anayemwita mtu mlangoni. "Ingia, baba. Ingia, usikae kwa baridi."

Ngendo akapaza sauti, akaita mama, mama, usimfungulie, lakini simu ilikuwa imekwisha kuwekwa juu ya meza. Alisikia chai ikimiminwa kikombeni. Kisha akasikia kiti kikivutwa, taratibu, na kitu kizito kikikaa.