Mikono ya Kinyozi

Siku ya punguzo, duka la vitambaa lilifurika watu kama kwamba kesho wote watatembea uchi. Mshonaji, gauni la zambarau limemkaa sawasawa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikanyagwa na mwanamume mrefu anayenukia poda.

"Kaka, hicho ni kidole changu, si ngazi."

"Niwie radhi, dada. Mimi kinyozi. Vichwa navijua, miguu bado najifunza."

Akacheka bila kutaka. Kabla kitambaa hakijakatwa, kinyozi alishapewa namba.

Simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno yako. Njaa iko palepale."

Walipoanza kupanga ndoa, kaka wa mshonaji, mwalimu wa biolojia, akachunguza ukoo wa shemeji. Akagundua kwamba baba wa kinyozi alianza kwa kutetemeka mikono, akaishia kutomjua hata mwanawe. Babu naye vivyo hivyo. Mwalimu akaenda kinyozini, akasema mbele ya wateja:

"Ugonjwa huo ni wa kurithi, nusu kwa nusu. Maumbile hayajui mapenzi, bwana. Binadamu yupo ili mbegu bora ipite. Iliyo mbovu ikomee njiani."

Maneno hayo ni makongwe. Walikuwapo wakoloni wenye rula waliopima mafuvu ya wazee wetu, wakaandika kwamba tumeumbwa kubeba mizigo. Babu yake mwalimu aliibeba mpaka mgongo ukapinda. Mjukuu kasomeshwa, akaokota rula ileile.

Kinyozi akaacha kupokea simu. Mshonaji alivumilia wiki nzima, kisha akamvamia kinyozini.

"Anaitwa nani huyo mwanamke?"

"Hakuna mwanamke. Kuna baba yangu." Akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. "Kaka yako hakusema uongo, mama. Tafuta mwenye damu safi."

"Kwani mimi kitalu? Sikuja kuchukua mbegu, nimekuja kukuchukua wewe. Kupima au kutopima, uamuzi ni wako. Watoto tutalizungumza wawili, bila mwalimu. Ila mimi nataka kuolewa."

"Na siku nikikusahau?"

"Nitakutongoza upya. Safari hiyo usiniringie."

Kinyozi akacheka, akafuta macho kwa taulo la wateja. Wakaoana. Kaka hakutokea.

Wakaishi vizuri, kwa kelele na utani. Hakupima. Mkewe hakumuuliza, ingawa alikuwa akimtazama vidole kila anapofunga vifungo vya shati, na mwenyewe alijua anatazamwa.

Asubuhi moja kinyozi alikuwa akimmiminia chai. Mdomo wa birika ukagonga ukingo wa kikombe, ukagonga tena, ukawa haukomi. Akalitua mezani.

"Birika lina moto," alisema.

"Leo limezidi," mkewe alijibu. Dakika moja kabla ya hapo alikuwa amelishika yeye mwenyewe, halikuwa na moto wa kuunguza. Akavuta kikombe kabla hakijajaa, akanywa.